Shanta la Kwendea kwa Mama

Miaka ile nilikuwa nikilala mchana. Zamu yangu ilianza kabla jua halijachomoza, kwenye ghala moja kubwa nyuma ya uwanja wa ndege, ambako kazi yetu ilikuwa kukunja mablanketi ya abiria na kuyatia ndani ya mifuko ya plastiki ili yarudishwe kwenye ndege. Nikirudi nyumbani Hayes, London, nilikula chochote nilichokikuta jikoni, nikaswali adhuhuri, kisha nikajitupa kitandani huku pazia nimeliacha wazi, maana nilipenda kusinzia nikiziangalia ndege zikishuka juu ya mapaa ya majirani. Zilipita chini sana, magurudumu yakiwa nje tayari. Usingizi wa mchana haumwonyeshi mtu alipo. Mara nyingi nilizinduka nikidhani nimo chumbani kwa mama, Pemba, na ule mngurumo ni mvua inayokuja kutoka upande wa mikarafuuni. Nilibaki hivyo kwa muda, sina haraka ya kuujua ukweli, mpaka binti yangu aliporudi shule na kulitupa begi lake mlangoni.

Basi hata habari ya mama niliipokea nusu nimelala. Simu ililia, nikainyanyua nikiwa nimejifunga kanga ya kulalia, na sauti niliyoisikia ilikuwa ya dada yangu mkubwa, anayeishi na mama nje kidogo ya Wete. Dada hakuwa mtu wa kupiga simu. Sisi tuliokuwa Ulaya ndio tuliokuwa tukinunua zile kadi za kukwangua na kuwapigia wao. Alianza kwa kuniambia hakuna aliyefariki, nitulie. Kisha akanieleza kwamba mama anasahau. Si kusahau alikouweka ufunguo, alisema, huo ugonjwa hata yeye anao. Siku moja kabla, mama alimkaribisha yeye, mwanawe anayempikia na kumfulia, akamwuliza ametokea wapi na kama njiani kulikuwa na mvua. Akamsihi asiondoke bila ya kula, na chakula chenyewe alikuwa amekipika yeye dada.

Nikamwuliza kama mama ananitaja mimi. Akasema ananitaja kila siku, tena kwa jina langu la utotoni.

"Sisi tulio karibu ndio tunaoanza kumtoka kichwani," dada akasema. "Wewe uko mbali, labda bado umo. Njoo kabla hujatoka."

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama anione na anijue. Nilikuwa sijamwona tangu nilipoondoka, katikati ya miaka ya tisini, mke mpya wa mtu, shavu limejaa na kiuno chembamba. Karatasi zetu za hapa zilichukua miaka kukamilika, na mpaka zikamilike mtu hatoki, na akitoka harudi. Sasa zilikuwa zimekamilika. Pasi ilikuwa kabatini chini ya mashuka, na kazini walinikubalia likizo ya mwezi mzima kwa kuwa sikuwahi kuchukua ya kueleweka. Mume wangu angebaki na binti, kwa sababu ya shule. Kilichobaki kilikuwa kufunga mzigo.

Hapa lazima nieleze mambo yetu, maana asiyeyajua ataniona mchoyo. Mtu wa kwetu akisafiri kutoka London kwenda nyumbani, hasafiri peke yake. Habari ikishatoka kwamba fulani anakwenda, kila mwenye mama, kaka, shemeji au somo kule huleta kifurushi. Msafiri hufungua masanduku yake ukumbini, na kabla hajatia kanga yake hata moja, masanduku yamekwisha kujaa. Akifika, siku ya kwanza hatoki; hukaa barazani watu wakaja kuchukua vyao, naye huwatolea salamu mmoja mmoja: fulani hajambo, mguu wake umepona, mtoto wake amefaulu. Halafu siku ya kurudi mambo huwa vilevile kwa upande wa pili, na unarudi Hayes umebeba dagaa wa watu. Kwa miaka yote ile mimi mwenyewe nilikuwa nikiwabebesha wengine. Kila sabuni aliyoogea mama, kila koti la baridi alilovaa asubuhi za mwezi wa saba, liliingia Pemba ndani ya sanduku la mtu mwingine.

Kwa hiyo mdomo wa kusema sitaki mizigo sikuwa nao. Lakini sikuitaka. Safari hii niliitaka iwe yangu. Nilitaka kushuka garini mikono mitupu, nivuke ua, nimfikie mama bila ya mtu kunishika bega na kuniuliza habari za binamu yake. Nikabuni ujanja. Nikasema nitakwenda na shanta, lile begi la mgongoni wanalobeba vijana wa kizungu wanaozunguka dunia. Sanduku hata likijaa watu hawaamini. Watakaa juu yake wawili mpaka lifungike. Lakini shanta likijaa limejaa, na kila mtu analiona. Nilijipongeza sana kwa akili hiyo.

Mimi na binti yangu tulipanda basi mpaka Rayners Lane, kwenye duka moja karibu na stesheni lililokuwa likiuza vitambaa, masufuria na mabegi. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha binti yangu, jambo ambalo binti yangu hakulipenda. Aliteremsha shanta la rangi ya kijani lenye mikanda mingi, akamvisha mtoto mgongoni, akamzungusha. Nilipomwambia msafiri ni mimi, naenda Pemba kwa mwezi mmoja, aliniangalia kuanzia mtandio mpaka viatu. Akasema watu wa Pemba anawajua, huwa wananunua masanduku makubwa ya magurudumu na kamba ya kufungia juu yake. Nikamwambia mimi ni Mpemba wa namna nyingine. Akacheka, akanitakia safari njema, na akanitilia ndani ya shanta kibweta kidogo cha ubani bila ya kuniuliza.

Zikaanza siku za kufunga, na sijui kama nimewahi kuishi siku nzuri kama zile. Ilikuwa kiangazi, jua la London limekataa kuzama, na mwanga wa jioni uliingia chumbani ukakaa tu juu ya kitanda. Shanta lilisimama kwenye kona, tumbo wazi. Binti yangu alikuwa amejifunza kufunga mzigo walipopelekwa kambini na shule. Alinifundisha kuviringisha nguo badala ya kuzikunja, na mimi, ambaye mkate wangu ulikuwa kukunja, nilikaa kitandani nikifundishwa na mtoto. Alizungumza Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, na tulielewana kama kawaida yetu.

Sikutia vitu vingi. Kila kimoja nilikishika kwanza nikajiuliza: hiki kitamsaidia mama kunijua? Nguo za hapa nikaziacha karibu zote. Manukato ya dukani nikayaacha, nisije nikanuka kama mgeni. Nikatia chanuo la mti, la kusukia, kwa sababu nilipanga nikifika Dar nizisuke nywele kwa mabutu ya kulala nyuma, kama alivyokuwa akinisuka yeye. Na chini kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, nikaliweka gauni. Lilikuwa gauni la maua mekundu ambalo mama alinishonea kwa mkono wake nilipomaliza shule, na ndilo nililolivaa siku niliyoondoka. Aliposimama kwenye ua kunipungia, mtu aliyekuwa akimpungia alikuwa msichana wa gauni hilo. Lilikuwa limenibana kifuani siku nyingi, lakini niliazimia kulivaa hata kama nitalazimika kuzuia pumzi kutoka garini mpaka mlangoni.

Na kila nilipolala mchana nilifika. Nilivuka ua nikamkuta mama ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, au anapeta mchele, au amelala tu ubavu kwenye jamvi, na kila mara aliinua kichwa akaniita kwa lile jina la utotoni kabla sijasema kitu. Nilianza kufika hata kazini, macho wazi. Mikono ilikuwa inakunja blanketi na mimi niko Wete. Msimamizi wetu, mama wa Kisingasinga aliyekulia Kampala, alinitikisa bega siku moja akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda sweta yangu iko wapi. Nilikuwa nimeiviringisha, nimeitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuifunga vizuri pamoja na mablanketi. Kijigari cha kupelekea mifuko ndegeni kilikuwa kimeshaondoka. Kuna abiria mahali fulani aliyejifunika usiku mzima kwa sweta ya mtu wa Hayes.

Halafu wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Woolwich, mtu mzima, aliyetoka Unguja zamani sana, wakati sisi tunajifunza kutambaa. Alibadilisha treni na mabasi kutoka upande mwingine wa London mpaka kwetu, akafika anahema. Mama huyu ndiye aliyetupokea baridi ya mwanzo, tukiwa na viatu vya wazi, akatuvisha makoti ya watoto wake. Nilimpa chai. Alipoliona shanta kwenye kona alicheka mpaka akatoa leso.

"Unakwenda kwa mama yako kama mzungu wa kutembea?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba mgongo unaniuma, masanduku siyawezi. Uwongo wenyewe ulikuwa mbaya, maana shanta hubebwa kwa mgongo huohuo. Akaniachia nimalize. Kisha akatoa ndani ya mkoba wake boksi, ndani yake mashine ya kupimia presha, ya kaka yake aliyeko Wete, ambaye alikuwa ameanguka mara mbili msikitini. Nikamwonyesha shanta. Nikamwambia aone mwenyewe, limejaa, hata kidole hakiingii.

"Mie siikabidhi kwa hilo shanta, mwanangu," akasema. "Nakupa wewe. Utakapoitia, unajua mwenyewe."

Nikaipokea. Na mzigo mmoja ukishapokewa, jamaa wote wanajua. Alikuja mwenye miwani ya babake. Alikuja mwenye viatu vya mpwa wake, vilivyonunuliwa kwa kipimo cha uzi uliotumwa kutoka Pemba ndani ya bahasha, na uzi wenyewe bado umo ndani ya kiatu. Zikaja dawa za kuchua, simu ya mkononi iliyotumika, betri ndogo za mashine ya sikio. Kila mmoja alisema chake ni kidogo tu, na kweli kilikuwa kidogo. Ukiwakatalia unamkatalia nani? Mzee asiyeona? Mtoto asiye na viatu? Nilitabasamu, nikawapa chai, na walipotoka nikafunga mlango kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

"Mum, just say no," binti yangu aliniambia, kana kwamba hapana ni neno ambalo mtu anaweza kulisema hivihivi.

Nikamwambia anitafsirie kwa Kiswahili, kisha aende akamwambie yule mama wa Woolwich kwa mdomo wake. Halafu akacheka, akatoa blauzi yangu nyingine kutoka kwenye shanta na kuirudisha kabatini.

Mashine ya presha ndiyo iliyotushinda. Tuliitoa kwenye boksi lake, tukaizungushia soksi, tukaijaribu ubavuni, juu, katikati. Kila ilipoingia, kitu cha mtu kilitoka. Binti yangu alishauri tuache viatu; nikamwambia mtoto wa watu ameshapimwa mguu. Akashauri tuache dawa. Mwishowe nikajua anakiangalia kitu ambacho hataki kukitaja. Nikaingiza mkono mpaka chini nikalitoa gauni. Mashine ikaketi mahali pake kana kwamba palipimwa kwa ajili yake.

Niliivuta zipu kwa hasira, nikakaa sakafuni nikalia. Nililia kama mtoto, kwa kelele, nikiwatukana moyoni watu niliowapenda. Nilimtukana hata yule mzee anayeanguka msikitini, kwa nini asianguke taratibu. Binti yangu, ambaye hakuzoea kuniona hivyo, alilichukua gauni, akaliviringisha mpaka likawa jembamba kama mkono wake, akajaribu kulipenyeza ubavuni, na halikupenya. Akaniambia nilivae tangu hapa, nisafiri nalo. Hilo lilikuwa wazo jema. Nikasimama, nikalivaa, nikazuia pumzi, akanifunga vifungo vyote mgongoni na tukaangaliana kwenye kioo tukiwa na matumaini makubwa. Kisha nikapumua, na mshono wa kwapani ukaachia mpaka kiunoni. Tulianguka kitandani tukacheka, mimi bado machozi yananitoka. Gauni likarudi kabatini, nami nikasafiri na baibui langu la siku zote.

Kwenye ndege walinipa blanketi. Nililitambua lilivyokunjwa, kwa pembe ile tunayoifanyia haraka zamu ikikaribia kwisha. Nikajifunika kazi yetu wenyewe, nikalala, nikafika tena kwa mama mara nyingi kabla ya kufika kweli. Dar nilisuka nywele. Kutoka hapo nikapanda kile kindege kidogo, na Pemba ilipotokea chini, kijani juu ya kijani, niliona aibu ya kulia mbele ya watu, nikajifanya ninaangalia dirishani.

Gari ya kukodi ilinishusha mbele ya nyumba yetu. Ua ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na ulikuwa umejaa watu. Habari za London zilikuwa zimenitangulia kwa simu. Kila mwenye kitu chake alikuwa amekwisha kuarifiwa. Walikuwa wameketi barazani kwa adabu, wamevaa vizuri, yule mzee wa presha akiwa katikati kwenye kiti. Na mlangoni, kwenye kigoda, alikuwa mama.

Nilimwendea yeye moja kwa moja. Nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikamwambia shikamoo mama. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa safi. Aliitikia marahaba, akaninyanyua uso kwa kidevu, akaanza kuniangalia. Aliniangalia paji la uso, nywele zilizochungulia mtandioni, mdomo. Niliona kitu kinakuja kutoka mbali kwenye uso wake, taratibu, na midomo yake ikafunguka. Bado naamini kwamba jina langu lilikuwa njiani.

Mzee akakohoa, akauliza kwa upole kama ile mashine nimeipata salama.

Nifanye nini? Shanta lilifunguliwa palepale. Miwani ikatoka, viatu vikatoka, dawa, simu, betri. Nikawapa watu salamu zao, kama inavyotakiwa: hajambo, mguu umepona, mtoto amefaulu. Wakaniombea dua kwa sauti. Nami kila nikimpa mtu chake nilimtupia mama jicho, na nikamwona akinifuatilia kwa makini, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka uso wake ukatulia kabisa. Alikuwa amekwisha kunielewa.

"Karibu mwanangu, na pole kwa safari," akaniambia. Akamgeukia dada. "Mpeni maji mtu wa watu. Kabeba mizigo yote ile peke yake."

Dada alimwambia. Alimwambia siku hiyo, na kesho yake, kwa upole na kwa ukali: mama, huyu ni mwanao, ndiye yule wa London. Mama alimwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto anayesimulia ndoto, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama huko London ninamfahamu binti yake. Mara ya kwanza nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Mara ya pili nikajibu.

Nikasema ninamfahamu. Akauliza ni mzima? Nikasema mzima. Amenenepa? Nikasema kidogo. Akafurahi. Na mume wake mwema? Mwema, nikasema, ila hasikii akiambiwa azime taa. Hapo alicheka, akanisogezea kigoda karibu naye, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu. Kila alasiri, baada ya usingizi wa mchana, nilimhadithia mama habari zangu. Nilimweleza juu ya ghala, mablanketi, ndege zinazopita juu ya paa, na mjukuu wake mrefu anayezungumza Kiingereza. Alisikiliza amefumba macho. Kuna alasiri nilizisahau kabisa huzuni zangu, nikajiona ninamsimulia mtu niliyempenda habari za mtu tuliyempenda sote wawili.

Tulikuwa tukifanya hivyo huku mikono ina kazi. Kwa sababu aliyoijua mwenyewe, mama alitaka kinu. Dada alimtolea, akamwekea giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga na manjano, akaniambia nimwache, anapenda. Mama alikaanga kidogo kidogo kwenye kikaango kikavu, mimi nikatwanga, yeye akachekecha. Akionja kwa ncha ya ulimi alisema bado. Siku nyingine alisahau kwamba tumekwisha kuitwanga, akaanza upya kwa viungo vingine. Dada alilalamika kwamba nyumba nzima inapiga chafya. Mimi nilitwanga tu, na sikumwuliza ya nini, kwa kuwa nilidhani ni mchezo wa kumpitishia siku.

Mwezi ukaisha. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimelisimamisha shanta barazani, nangoja gari, mama akatoka ndani akitembea kwa kushika ukuta. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, mdomo wake umefunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa uzi mizunguko mingi. Alinitaka radhi kwanza, kama wanavyofanya watu wote.

"Mwanangu, mzigo wangu mdogo, haukuelemei," akasema. "Ni bizari. Mpelekee binti yangu huko London. Mwambie nimeitwanga mwenyewe."

Nililipokea lile kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto la mikono yake. Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akaingia ndani. Mimi nilijua ninachotakiwa kusema, maana anayepokea mzigo huuliza, na sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikamwuliza na salamu je, nimwambie nini.

Aliushika tena uso wangu, kwa kidevu, kama siku ile ya kwanza.

"Mwambie asihuzunike kwamba hajaja," akasema. "Mwambie nimekuona wewe, basi ni kama nimemwona yeye."

Nikamwambia salamu zitafika.